USB inanakili polepole: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nitajuaje kama kasi yangu ni ndogo kweli, au nina haraka tu?

Linganisha unachokiona na kile ambacho vifaa vyako vinaweza kubeba. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde inapofanya kazi vizuri. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, ikiunganishwa na SSD nzuri (diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka ndani) hufika megabaiti 400 na ushee. Hadi diski (hard disk) ya nje ya kawaida, yenye sahani inayozunguka ndani, hukomea kama 100 hadi 140 hata ukiichomeka kwenye tundu la kisasa kiasi gani, kwa kuwa sahani ina mwendo wake. Flashi ndogo za kugawiwa kwenye semina mara nyingi huandika megabaiti 5 hadi 10, basi.

Chukua faili la gigabaiti 32. Kwa megabaiti 400 linamalizika kabla ya dakika moja na nusu. Kwa 35 ni robo saa. Kwa 8 ni zaidi ya saa nzima. Zote hizo zinaweza kuwa kasi halali za kifaa kizima kisicho na kasoro, ndiyo maana neno "polepole" peke yake halisemi kitu. Andika namba unayoiona kabla hujaanza kuhangaika.

Kwenye boksi wameandika 5 Gbps. Hiyo si gigabaiti 5?

Hapana, ni gigabiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 480 za USB 2.0 zinabaki megabaiti 60 hata kabla ya safari kuanza, na sehemu ya hizo huliwa na mazungumzo ya vifaa vyenyewe kwa vyenyewe. USB 3.0 ina makato mengine: kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10, hivyo gigabiti 5 zinageuka megabaiti 500 za juu kabisa. Watengenezaji hupenda biti kwa sababu namba inaonekana kubwa.

Halafu kuna suala la majina. Kilichoitwa USB 3.0 kilikuja kuitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na kasi ni ileile, gigabiti 5. Usinunue kitu kwa kuona "3.2" peke yake. Tafuta namba ya gigabiti: 5, 10, 20 au, kwa USB4, 40.

Nianzie wapi?

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa faili lilelile. Tafuta faili moja kubwa, video ya gigabaiti 2 au 3 inafaa, na ulinakili mara kadhaa: kwanza kama ulivyozoea, kisha kwenye tundu jingine, kisha kwa waya mwingine, kisha kwenye kompyuta nyingine. Pale namba itakaporuka ndipo palipokuwa na tatizo. Watu wengi huanza kwa kusakinisha draiva (programu ya kuendeshea kifaa), kufomati na kufuta programu, wakati waya wenye kasoro umelala mezani mbele yao. Programu ziwe za mwisho. Kwa ninavyoona mimi, waya, tundu na flashi yenyewe ndivyo chanzo mara nyingi zaidi.

Pima pande zote mbili pia. Ukinakili kutoka hadi diski kuukuu ya ndani kwenda SSD mpya ya nje, utaishia kuilaumu SSD kwa kosa la ile kuukuu.

Nitatambuaje tundu la USB 3?

Kwa matundu yale mapana ya mstatili, chungulia ndani. Ulimi wa plastiki wa bluu kwa kawaida ni USB 3, mweusi au mweupe kwa kawaida ni 2.0. Rangi si sheria, kuna laptopu zenye matundu meusi matupu ambayo ni ya USB 3, kwa hiyo tafuta pia herufi SS pembeni ya alama ya USB. Ushahidi usiodanganya ni pini: USB 2.0 ina pini 4, USB 3 ina 9, na zile 5 za ziada zimejipanga kwenye mstari wao.

Tundu la Type-C halikuambii chochote kwa umbo. Hilo ni umbo tu la kichwa. Ndani yake panaweza kuwa na USB 2.0 ya mwaka 2000 au USB4. iPhone 15 ya kawaida ina Type-C inayokwenda kwa kasi ya USB 2.0, huku 15 Pro yenye tundu linalofanana nalo kabisa ikifika gigabiti 10. Soma maelezo ya kifaa.

Tundu ni la USB 3, flashi ni ya USB 3, lakini kasi ni ya 2.0. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na sababu moja huwashangaza watu: umechomeka taratibu mno. Zile pini 4 za zamani hugusana kwanza, zile 5 mpya zikiwa bado hazijafika. Ukisukuma kwa kusitasita, kompyuta inakutana na kifaa cha USB 2.0, inakisajili hivyo, na pini nyingine zinapogusana baadaye mambo yameshaamuliwa. Chomoa, kisha chomeka kwa mkupuo mmoja thabiti. Vumbi na uzi wa nguo ndani ya tundu huleta matokeo hayohayo. Puliza, tazama kwa tochi, usichokonoe kwa kitu cha chuma.

Usikisie, iulize kompyuta. Kwenye Linux fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) na uandike `lsusb -t`. Kila mstari unaishia na namba: 480M ni USB 2.0, 5000M ni gigabiti 5, 10000M ni 10. Kwenye Mac shikilia kitufe cha Option, bofya menyu ya tufaha, ingia System Information, kisha USB, na usome mstari wa Speed. Kwenye Windows, programu ya bure ya USB Device Tree Viewer inaonyesha kila kifaa na kasi kilichounganishwa nayo. Hapo hakuna ubishi tena: ama kimeunganishwa kwa 5000 ama hakijaunganishwa.

Waya nao una kasi?

Sana. Niliwahi kupoteza alasiri nzima kwa SSD ya nje iliyokuwa ikinakili kwa megabaiti 38 na haitaki kuongeza hata moja. Nikabadilisha tundu, nikawasha upya, nikasasisha draiva, nikaanza kumlaani aliyeniuzia. Waya niliokuwa nautumia ulikuwa mnene, umesukwa vizuri, wa Type-C pande zote mbili, tena ulikuwa unachaji laptopu bila shida. Sikuushuku hata kidogo. Jioni nikaandika `lsusb -t`, nikaona 480M. Nikatafuta ule waya mfupi mgumu uliokuja ndani ya boksi la SSD na ambao nilikuwa nimeutupa droo ya vitu vya "huenda vikafaa". Nikachomeka: 10000M. Sekunde tatu za kazi.

Waya ule ulikuwa wa kuchaji. Nyaya nyingi za Type-C zinazobeba wati 60 au 100 za umeme zina nyuzi za data za USB 2.0 tu, na unene wake ni wa shaba ya umeme. Waya wa data ya kasi mara nyingi huwa mfupi na mgumu kukunja, na ulio mzuri huandikwa namba ya gigabiti kichwani, kama 10 au 20.

Urefu nao una neno. USB 2.0 inakubali mita 5. Kwa USB 3, ukipita mita 3 unaanza kucheza bahati nasibu, na kuunganisha waya juu ya waya ni vibaya zaidi kuliko waya mmoja mrefu. Mawasiliano yakiwa na makosa, vifaa hurudia kutuma kilekile mara kwa mara, au hujishusha vyenyewe hadi 2.0.

Je, nikitumia habu au matundu ya mbele ya kompyuta?

Habu, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB, hugawana njia moja. Vifaa vitatu vikinakili kwa pamoja kupitia habu moja, vinagombania tundu moja la kompyuta. Kipanya na kibodi havina madhara makubwa kwa kuwa data yake ni ya chembechembe, lakini diski mbili zitasikilizana vibaya. Habu isiyo na umeme wake pia inaweza kushindwa kulisha hadi diski: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3 hutoa 900, na diski ikikosa umeme wa kutosha hujizima na kujiwasha katikati ya kazi.

Matundu ya mbele ya kompyuta ya mezani yameunganishwa na ubao mama kwa waya wa ndani, ambao wakati mwingine haukuchomekwa au ni wa 2.0. Kwa kazi nzito tumia ya nyuma.

Inaanza kwa kasi nzuri, baada ya sekunde chache inaporomoka. Nini hicho?

Hili ndilo swali linalokuja kuliko mengine yote, na jibu lake lina tabaka mbili.

Tabaka ya kwanza ni uongo wa kompyuta yako. Unaponakili, mfumo endeshi huweza kumeza data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) kwanza na kukuonyesha kasi ya kumeza, si kasi ya kuandika. RAM ina kasi ya ajabu, hivyo mstari unakimbia. Nafasi iliyotengwa ikijaa, kompyuta inalazimika kusubiri flashi, na sasa ndipo unaiona kasi halisi. Hakuna kilichoharibika. Ile ya mwanzo haikuwa kweli.

Tabaka ya pili iko ndani ya kifaa chenyewe. Chipu za siku hizi hubana biti 3 au 4 ndani ya seli moja ili kupata ujazo mkubwa, na kuandika kwa kubana hivyo ni kazi ya polepole. Kwa hiyo SSD na baadhi ya flashi hutenga sehemu ya chipu iandike biti moja tu kwa seli, haraka haraka, kama baraza la kupokelea mizigo kabla ya kuipanga ghalani. Gigabaiti za kwanza zinaingia barazani kwa kasi ya kupendeza. Baraza likijaa, kifaa kinapaswa kupokea na kupanga kwa wakati mmoja, na SSD iliyokuwa na 400 inaweza kuteremka hadi 100 au chini zaidi. Baraza hilo mara nyingi hupungua diski inapokaribia kujaa, ndiyo sababu diski iliyojaa kwa asilimia 95 huonekana imezeeka ghafla. Acha nafasi. Na ukishanakili mzigo mkubwa, iache diski imechomekwa kwa muda ipange vitu vyake.

Hadi diski nazo zina toleo lao. Zile za teknolojia ya SMR hupanga mistari ya data kwa kulaliana kama vigae vya paa, na kubadilisha kigae kimoja kunalazimu kuandika upya vinavyofuata. Kusoma hakuna shida, kuandika gigabaiti mia mfululizo ndiko kunakozichosha.

Joto ni la tatu na ni rahisi kulipima: gusa. Kijidude kidogo cha chuma kikiwa cha moto kiasi cha kuondoa kidole, kinajipunguza kasi chenyewe ili kisiungue.

Imeandika asilimia 100 lakini nikitaka kuchomoa inagoma. Nisubiri?

Subiri. Ni ule uongo wa RAM uliosemwa hapo juu, hasa kwenye Linux: kidirisha kimefungwa, data bado inasafiri. Ukitaka kushuhudia, andika `grep Dirty /proc/meminfo` mara mbili tatu na utaona kilobaiti zikipungua. Amri ya `sync` itakaa kimya na kukurudishia mstari kila kitu kitakapokuwa kimefika. Anayechomoa kabla ya hapo ndiye anayekuja kuuliza kwa nini video yake inaishia katikati.

Video moja ya gigabaiti inaingia upesi, folda ya picha ya ukubwa huohuo inachukua nusu saa. Kwa nini?

Kwa sababu kila faili lina gharama yake ya kufunguliwa, kupewa jina, kutafutiwa nafasi, kuandikwa kwenye orodha na kufungwa. Kwa video hayo yanafanyika mara moja. Kwa mafaili 20,000 yanafanyika mara 20,000, na kifaa kinatumia muda mwingi kuandika orodha kuliko kuandika picha. Kwenye hadi diski, kichwa cha kusomea kinaruka huku na huko kila mara. Flashi dhaifu inaweza kushuka chini ya megabaiti 1 kwa sekunde katika kazi kama hii.

Dawa ni kufunga folda nzima iwe faili moja, zip au tar, kabla ya kunakili. Chagua kutobana kabisa kama ni picha za JPEG au video, kwani hizo zimeshabanwa na utapoteza muda bure. Ila kuna kosa moja linalorudisha tatizo kwa mlango wa nyuma: kufungulia zip hiyo ukiwa juu ya flashi. Nakili zip hadi kwenye diski ya ndani, ufungulie huko.

Kufomati upya kunasaidia?

Wakati mwingine. Kufomati ni kuchagua mpangilio wa mafaili, na FAT32, ulio wa zamani, haipokei faili la kufikia gigabaiti 4. Kwa flashi inayozunguka kati ya Windows na Mac, exFAT inafaa. Kwa diski isiyotoka kwenye Windows, NTFS ni imara zaidi, ila Mac huisoma tu bila kuiandika. Kwenye Linux, NTFS ilikuwa nzito kwa sababu ya draiva ya zamani, ntfs-3g. Tangu toleo la 5.15 la kiini (kernel) cha Linux, la mwaka 2021, kuna draiva ya ndani iitwayo ntfs3 yenye kasi zaidi. Kufomati hakutageuza flashi ya megabaiti 6 kuwa ya 60, na kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha vitu vyako kwanza.

Kuna mpangilio wowote wa Windows wa kuongeza kasi?

Upo mmoja wenye maana. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, diski za nje huwekwa kwenye hali ya kuchomolewa haraka, inayozuia data kukaa RAM kwa muda mrefu. Ingia Device Manager, fungua Disk drives, bofya diski yako, nenda Policies, chagua "Better performance". Kwa SSD ya nje yenye NTFS utaona tofauti, hasa kwa mafaili madogo. Malipo yake ni kwamba kuanzia siku hiyo huchomoi bila kuiaga kompyuta kwa "Safely Remove". Kama unajijua huna subira hiyo, usiguse.

Antivairasi inahusika?

Inahusika inapokagua kila faili linalopita, na utaiona ikipanda kwenye Task Manager. Sishauri kuizima, hasa kwa flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya watu wengi. Kwenye Mac mwenye kuhusika huwa Spotlight, programu ya kutafutia, inayoanza kuorodhesha diski mpya mara tu inapochomekwa. Mpe dakika zake.

Kutoa picha kwenye simu ya Android kunachosha. Nifanye nini?

Simu haionekani kama diski. Inazungumza na kompyuta kwa utaratibu uitwao MTP, ambapo kila faili huombwa na kutolewa moja moja, na kufungua tu folda ya kamera yenye picha maelfu kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Juu ya hapo, simu nyingi zina USB 2.0 nyuma ya tundu la Type-C. Nakili folda nzima badala ya kuifungua na kuchagua picha. Anayeweza kutumia `adb pull`, amri ya kuvuta mafaili kutoka kwenye Android, ataona mambo yanakwenda kwa utulivu zaidi.

Kadi ya kamera je?

Angalia msomaji wa kadi kabla ya kadi. Kadi za SD za daraja la UHS-I zina kikomo rasmi cha megabaiti 104 kwa sekunde. UHS-II zina mstari wa pili wa pini mgongoni, na zikiwekwa kwenye msomaji usio na mstari huo zinarudi kuwa UHS-I bila kukuambia.

Nikichomeka diski ya USB 3, kipanya kisicho na waya kinaanza kukwama.

Si ndoto. Mawasiliano ya USB 3 hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye gigahezi 2.4, palepale kinaposikiliza kipokezi cha kipanya chako, na Wi-Fi ya masafa hayo pia. Hamisha kipokezi upande wa pili wa kompyuta, au kiweke kwenye kipande kifupi cha waya wa kurefusha.

Nimepata flashi ya terabaiti 2, lakini inaandika polepole mno na mafaili hayafunguki.

Inawezekana kabisa si ya terabaiti 2. Kuna flashi zilizochezewa chipu ya ndani zidai ujazo usiokuwapo. Ujazo halisi ukiisha, zinaendelea kupokea na kutupa, au kuandika juu ya vya zamani. Zipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizo hujaza kifaa chote kisha husoma kilichoandikwa kuona kama kipo. Kazi hiyo inachukua masaa. Ianzishe usiku, na kabla ya hapo usiweke humo kitu chochote unachokipenda.

Lini polepole huwa dalili ya kifo?

Kasi ikishuka hadi sifuri, ikakaa, ikarudi, ikashuka tena kwenye faili lilelile kila mara, diski inahangaika kusoma sehemu mbovu. Kwa hadi diski, weka sikio: mlio wa tak, tak, tak wenye mpangilio ni kichwa kinachorudi mwanzo kujaribu tena. Flashi nyingine hujifunga zikawa za kusoma tu, na hakuna kufomati kutakakozifungua.

Hapo acha vipimo vyote, hata vya kasi, kwa kuwa kila kimoja kinaitumikisha zaidi. Toa kwanza visivyoweza kupatikana tena, picha na maandishi yako, uziache filamu mwisho. Faili likigoma, liruke uende linalofuata. Afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo utaiangalia baadaye, vitu vyako vikiwa tayari upande wa pili.